Siku Niliyokataa Kupiga Kithitu

Watu wananiuliza mpaka leo, na wengine walizaliwa jambo lenyewe likiwa limeshakwisha: "Kwani wewe ulikuwa unaogopa nini?" Nimechoka kujibu. Sikuogopa. Naliandika hapa mwanzoni ili asiyetaka kuliamini aache kusoma.

Shamba letu lilikuwa juu ya mji mdogo wa Salama, Ukambani, kwenye mteremko unaotazama barabara ya Mombasa. Baba alilinunua kabla ya Uhuru kwa ng'ombe na mbuzi, kutoka kwa mzee jirani, mbele ya mashahidi. Hakuna kilichoandikwa, maana siku hizo nani aliandika? Baba akafa, mzee aliyemuuzia akafa, mashahidi nao wakafuata. Halafu miaka ya sabini serikali ikaleta wapimaji, kila mtu aandikishwe ardhi yake, na mwana wa yule mzee akasimama mbele ya wazee wa kamati akasema baba yake hakuuza. Ati aliazima tu. Ati alimwonea baba yangu huruma, akampa mahali pa kulima mpaka apate pake.

Huyu hakuwa mtu wa mbali. Tulichunga pamoja, tukachimba matuta pamoja, tukatahiriwa msimu mmoja. Nilimkazia macho akisema maneno hayo, na hakupepesa.

Wazee walifanya wanavyofanya Wakamba wakikosa shahidi. Walisema kiletwe kithitu. Kwa asiyejua, kithitu ni kitu cha kuapia. Kimefungwa ndani ya ngozi, mwenyewe hukiweka mbali na nyumba za watu, na hata upepo unaotoka upande wake watu hawataki uwapitie. Unasimama mbele yake, unakipiga kwa kijiti, unasema maneno yako, kisha unasema kwamba kama ni uongo, kikule wewe na watu wako. Ukishapiga, shamba ni lako. Ukikataa, kesi imekwisha na umeshindwa, kwa sababu mtu mwenye haki angekataa kwa nini?

Jirani yangu akainuka, akasema kwa upole kabisa kwamba yeye haoni haja ya kubishana. Mimi nipige. Nikipiga tu, shamba nichukue, hatafungua mdomo tena.

Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakaona ni mtu muungwana. Muungwana gani. Alijua, kama kila mtu kule alivyojua, kwamba mimi nimeokoka, na kwamba tulipobatizwa tuliahidi mbele ya watu kuachana na kithitu na mambo yote ya aina hiyo. Angeapa yeye kwa uongo, angehatarisha watoto wake. Kwa hiyo akaniachia mimi kijiti, akaketi.

Nilipewa wiki nifikirie. Wiki hiyo sikupata nafasi ya kufikiria, maana nyumba ilijaa washauri. Rafiki yangu wa kwaya, mtu tuliyeimba sauti moja miaka na miaka, alikuja akanywa chai, akaniambia, "Wewe si ndiye husema kithitu hakina nguvu? Kama hakina nguvu, unakataa kupiga ngozi kavu kwa nini? Piga, uende nyumbani, Jumapili utubu. Mungu si mtoto."

Nilimwambia kwamba nikikipiga, nitakuwa nimewaambia watu wote wale kuwa ukweli wangu unatoka mle ndani ya ile ngozi. Kwamba mwenye kunishuhudia ni Mungu, na sitamtafutia msaidizi.

"Maneno mazuri," akasema. "Yapeleke kwa wapimaji."

Na mzee mmoja wa kanisa, ambaye sitasema zaidi juu yake, alinivuta kando baada ya ibada akaninong'oneza kwamba yeye hatasikia wala kuona lolote siku hiyo. Nilitamani anikemee. Nilitamani mtu mmoja tu aniambie shika hapo hapo. Hakutokea.

Lakini aliyeniumiza ni ndugu yangu mdogo. Yeye hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa ameoa karibuni, na sehemu ya chini ya shamba, penye udongo mzuri, ndiyo ilikuwa yake. Alikuja akaketi kwenye kizingiti, hakutaka hata kuingia.

"Wewe kaa na Biblia yako," akaniambia. "Nitapiga mimi. Nimewauliza wazee, wamekubali. Wewe useme tu kwamba nimesimama kwa niaba yako."

Ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Mtu mwenye busara angepita. Nikamwambia, "Kama ni dhambi kwa mkono wangu, nitautumaje mkono wako?"

"Basi hiyo dhambi niachie mimi. Nikichomwa nitachomwa mwenyewe. Wewe inakuhusu nini?"

"Inanihusu kwa sababu ni mimi niliyekutuma."

"Na watoto wangu watalala wapi?"

Nikamwambia Mungu atafungua njia. Ndivyo nilivyosema, na niliamini kwa moyo wote.

Siku ikafika. Tulikutana kwenye uwanja mkavu nyuma ya soko, watu wakiwa wamejipanga upande ambao upepo hautawafikia. Mwenye kithitu akakifungua, akakiweka chini. Nikaitwa. Nikasema shamba lile baba yangu alilinunua, kwamba Mungu anajua, na kwamba sipigi. Wengine wakacheka. Mkubwa wa wazee hakucheka. Naamini alijua ukweli, maana aliniuliza polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ameze dawa, "Huyu ndugu yako amesimama kwa niaba yako?"

Ndugu yangu alikuwa tayari mbele, ameshika kijiti. Aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu mwingine.

Nikasema, "Hapana."

Alikitupa kijiti chini akaondoka. Jirani yangu akaandikishwa shamba kabla ya mvua.

Tulisambaa. Ndugu yangu alikwenda Makindu kuchoma makaa na kuyauza kando ya barabara. Nilisikia kwa watu kwamba miezi ya ukame alikuwa akipeleka mke na watoto kwenye hekalu la Masingasinga, wapate kula chakula cha bure pamoja na wasafiri. Nilimfuata mara nyingi. Alinipa kiti, akanipa maji, hakunipa neno. Mimi nilihamia Kitui kwa wakwe zangu, na mwanamume anayelima kwa wakwe hahitaji mtu mwingine wa kumdharau.

Nilingoja. Hilo ndilo wasilolijua wanaoniuliza. Nilidhani jambo kama lile haliwezi kuachwa hivi hivi, kwamba siku moja yule mtu atakuja akitetemeka, akiri, turudi. Alizeeka vizuri. Ng'ombe wake walizaa. Watoto wake walisoma. Wachungaji waliokuja baadaye walinitaja kwenye mahubiri kama mfano wa imani, nami nikiwa nimeketi pale na viatu vya kuazima, nikiona aibu tupu. Niliomba nipewe hata ishara ndogo kwamba nilionekana. Mpaka leo sijui kama nilionekana. Najua tu kwamba nikirudishwa kwenye uwanja ule nitasema hapana tena, na kujua hivyo hakunipi amani yoyote.

Mwaitu, ndivyo sisi tunavyomwita mama, nilihama naye. Ni yeye aliyeingia kanisani kwanza kati yetu sote, ni yeye aliyenifundisha kupiga magoti. Mwaka mzima baada ya kuhama hakulalamika hata mara moja. Alipalilia mashamba ya watu, akarudi, akalala.

Jioni moja mke wangu alipakua muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, na yalikuwa kidogo. Nikamwambia, "Mwaitu, tuombee chakula."

"Omba wewe," akasema.

Nikamwambia yeye ndiye mkubwa.

Alinitazama bila hasira yoyote. Ingekuwa hasira ningeivumilia. "Wewe una Mungu," akasema. "Mimi nilikuwa na shamba na watoto wawili."

Nikafumba macho nikaomba. Nilipoyafumbua, alikuwa ameshaanza kula.