Pazia la Amne

Shomari akienda dukani hufunga mlango wa fleti, na ufunguo anautia mfukoni. Durban ina vibaka, husema, na South Beach ndiyo maskani yao. Basi mkewe, Amne, akabaki ghorofa ya tisa akitazama bahari ambayo hajawahi kukanyaga ufukwe wake. Huruma ya namna hiyo usimwombee hata adui.

Na mwanamke mwenyewe si wa kufungiwa. Kwao Tanga bibi yake alimsomesha kitabu kizima cha hadithi za Mtume, kisha akampa ijaza, yaani ruhusa ya kukisomesha, pamoja na majina ya walimu waliorithishana kitabu hicho karne kwa karne, wanawake wakiwemo. Akina mama wa msikiti mmoja wa Glenwood, mtaa mwingine wa Durban, waliposikia, wakamwomba awafundishe kila Jumamosi. Amne aliitaka kazi ile kuliko chakula.

Akamwingia mumewe kwa adabu. "Mume wangu, zamani kule Sham, nchi ya Damaski, wanawake walisomesha msikitini. Mashekhe walikaa chini wakawasikiliza, wakachukua ijaza kwao."

Shomari akatikisa kichwa kukubali. Hapo Amne angenyamaza. Lakini utamu wa elimu ukamchukua: "Na wengine walisomesha majumbani mwao, nyuma ya pazia."

"Hao hasa," Shomari akasema kwa furaha. "Pazia nitakununulia mimi, bibie."

Mdomo huponza kichwa. Pazia likatundikwa, akina mama wakawa wanakuja South Beach. Shomari anawafungulia, somo likiisha anawatoa na kufunga. Aliyeshika zaidi ni Nahimana, Mrundi muuza nguo. Alipomaliza kitabu bila kukosea, Amne akampa ijaza.

"Mwalimu, sasa mimi nitafundisha kule msikitini," Nahimana akasema. "Iko wamama wengi, hapa ni mbali kwao."

Amne akambariki, ingawa alimwonea wivu. "Siku ya kwanza uanze na majina, mwanangu. Anza na aliyekusomesha."

Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Wote walikwenda Glenwood. Saa ya darasa ilipofika Amne alikaa pale pale, nyuma ya pazia, akasoma majina peke yake: Nahimana kwa Amne, Amne kwa bibi yake, bibi kwa mwalimu wake, mpaka Sham. Alijua kuwa saa ile ile jina lake linatajwa msikitini. Akaenda mlangoni, akajaribu kitasa. Kilikuwa kimefungwa, naye akalia.