Figo Niliyompa Mwanangu Ilikuwa na Jiwe

Hivi wewe unaweza kuamini kwamba jiwe linaweza kuziba figo ya mtu, na mwenyewe yupo kwenye cherehani anashona, anacheka, haumwi popote?

Mimi sikuamini. Ndiyo maana leo nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mashine, naandika haya kwenye simu kwa kidole kimoja.

Mwanangu ni fundi wa sare za shule. Mtaani wanamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa maneno yake. Figo zake zilipokufa zote mbili, akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Nikapiga moyo konde. Nikasema, chukueni yangu.

Wakanipima mpaka nikachoka. Mwisho daktari, kijana mwenye sauti ya upole, akanionyesha picha.

"Bibi, figo yako ya kushoto ina kijiwe. Kidogo, kama punje ya mtama. Umewahi kuumwa mawe ya figo?"

Nilikuwa nimewahi. Zamani hizo niligaagaa sakafuni siku mbili, nang'ata shuka, mpaka likatoka na mkojo. Nililiona kwa macho yangu. Jeusi, lina miiba.

"Hapana, daktari. Hata siku moja."

Nilimdanganya mchana kweupe. Niliogopa atanikataa, na mwanangu hakuwa na mtu mwingine.

Upasuaji ukaenda vizuri. Miaka mitatu Sindano alikojoa!

Usinicheke. Mtu aliyekaa mwaka mzima hatoi hata kikombe, akikojoa nyumba nzima inashangilia. Alikuwa anapima kwenye jagi la plastiki lenye mistari, halafu anapaza sauti toka chooni:

"Mama, lita mbili! Nipigieni makofi!"

Halafu ukaja msimu wa kufungua shule. Vitambaa vimejaa mpaka mlangoni. Akawa hanywi maji, eti asipoteze muda kuinukainuka.

Mkojo ukashuka. Lita moja. Nusu. Kikombe.

"Mama, viatu vinanibana. Au ni kile kijiwe chako?"

"Ubavu unauma?"

"Hauumi."

"Na tumbo?"

"Siumwi popote, nimeshakwambia. Unataka niumwe?"

"Basi si jiwe. Jiwe lingekuwa limekutoa machozi. Kunywa maji, umalize sare za watu."

Nilisema kwa uhakika kabisa. Maumivu yale nilikuwa nayajua, nikadhani kila jiwe linakuja nayo.

Siku ya tisa tangu mkojo uanze kupungua, aliamka na homa, uso umevimba, macho yamebaki kama matundu ya vifungo. Tukakimbia hospitali.

Daktari yuleyule alinikalisha chini.

"Bibi, tukihamisha figo, mishipa ya fahamu inakatwa. Jiwe likiziba njia ya mkojo, mgonjwa anaweza asisikie kitu. Na yeye hana figo nyingine ya kumsaidia."

"Si mlitoe basi?"

"Tumelitoa. Lakini usaha ulishapanda. Figo imekufa."

Akaniuliza tena lile swali la zamani, kama nimewahi kuumwa mawe. Safari hii nilitikisa kichwa kukubali.

"Ungesema, tungekichunguza vizuri. Pengine tungekitoa kijiwe palepale kabla ya kumpandikiza. Na wewe mwenyewe umebaki na figo moja, bibi. Kunywa maji, uje upimwe."

Ndugu unayesoma, daktari akikuuliza, mwambie yote. Hata la aibu, hata la miaka thelathini. Na mwenye figo ya kupewa asisubiri maumivu. Mkojo ukipungua, nenda siku hiyohiyo. Mimi nimeshachelewa. Sina figo nyingine ya kumpa.

Asubuhi ya leo nilipiga magoti kando ya kitanda chake, mashine inavuma, nikamwambia kila kitu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, mwanangu?"

"Siku ile unagaagaa nilikuwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyekuwa nakufuta jasho."

Nikainua kichwa kumtazama, naye akaendelea.

"Kabla ya upasuaji daktari aliniita na mimi pembeni, akaniuliza habari zako. Nikamwambia mama yangu hajawahi kuumwa."

"Kwa nini, mwanangu? Kwa nini hukusema?"

Aligeuzia uso ukutani.

"Nilitaka kuishi, mama. Niliitaka hiyo figo, hata kama ile uliyobaki nayo wewe ingekuja kufa."