Dawa ya Ukutani

Wiki iliyopita nilikuwa Usagara, mjini Tanga, natafuta kitambaa cha mto, nikapita mbele ya duka la pembejeo. Kijana mmoja alikuwa akimimina dawa ya wadudu kutoka kwenye debe kubwa kwenda kwenye chupa ndogo. Harufu ile ilinipiga puani, miguu ikagoma kwenda. Wapita njia wakadhani bibi huyu kashikwa na kizunguzungu, mmoja akaniletea kiti. Sikuwa na kizunguzungu. Nilikuwa na hasira, na ni hasira ya zamani, ya tangu nilipokuwa mtoto kijijini kwetu Kigombe. Basi kaa nami kidogo nikusimulie, maana wewe tunajuana, hutaniambia niachane na mambo yaliyopita.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na fito za mikoko, makuti juu, na ua wa nyuma ambako bibi alifuga kuku na paka mmoja mwenye mabaka, mkali kuliko mbwa. Baba alikuwa akifanya kazi bandarini Tanga, tukimwona Alhamisi jioni, Jumamosi keshaondoka. Mimi, mama na bibi ndio tulioijua nyumba.

Bibi alikuwa mpiga makumbi. Unakumbuka makumbi? Yale maganda ya nazi yanafukiwa kwenye tope la pwani, yanakaa humo miezi mpaka yaoze, kisha yanafukuliwa na kupigwa kwa gongo mpaka zibaki nyuzi tupu, ndizo usumba wa kusokotea kamba. Harufu yake mtu wa nje alikuwa akiziba pua. Kwangu ilikuwa ndiyo harufu ya bibi. Asubuhi tulikunywa chai ya mchaichai kwa muhogo wa kuchemsha, halafu nikamfuata pwani maji yakiwa yametoka, na magongo ya wanawake yakisikika pwani nzima, hili likimjibu lile.

Homa tulikuwa nayo. Sitakudanganya kwamba tuliishi peponi. Jioni tulichoma makumbi makavu kwa ajili ya mbu, macho yakituwasha, na bado mtoto alishikwa na homa, akanyweshwa maji machungu ya mwarobaini, akaamka kakonda, akala uji na kurudi mchezoni. Wengine hawakuamka. Nami niliugua mara nyingi udogoni, nikaamka.

Mwaka aliozaliwa mdogo wangu ndipo watu wa dawa walipokuja. Mama alikuwa bado kwenye arobaini yake, kalala chumba cha ndani na mtoto kifuani, mlango umefunikwa pazia, maana mzazi hatazamwi ovyo na wanaume. Nilikuwa uani nikikuna nazi. Nikasikia gari, nikasikia viatu, na kabla sijainuka kwenye mbuzi, wanaume wanne walikuwa wameshaingia ukumbini. Migongoni walibeba mabomba ya bati yenye mipira mirefu. Mbele yao alikuwa bwana afya, kijana wa soksi ndefu, na nje kwenye gari walibaki Wazungu wawili wakivuta sigara.

Hawakupiga hodi. Nataka ulishike hilo. Katika pwani yetu hata kichaa hupiga hodi.

Bibi aliwakuta mlangoni pa chumba. Akasimama akitandaza mikono.

"Mna mzazi humu, bwana."

"Atoke," bwana afya akasema. "Vyombo vitoke, vitanda vitoke, watu watoke. Tunapuliza nyumba zote."

"Mnapuliza nini?"

"Dawa ya mbu. Bibi, tuna kijiji kizima leo, usitucheleweshe."

"Hamkutwambia jana? Ningemhamishia kwa jirani."

"Amri imetoka juu. Mimi sikuja kubishana."

Mama akatoka. Namwona mpaka leo: kajifunika kanga mbili, uso kauinamisha, mtoto ndani ya kanga, akapita katikati ya wanaume wageni mpaka uani, akaketi juani kwenye kinu kilicholazwa, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa. Hakulia. Alimkinga mtoto uso na jua. Ndani mabomba yakaanza kulia fshi, fshi, na harufu ile ikatoka mlangoni kama mtu anayetusukuma.

Bibi akauliza, "Na kuku wangu?"

"Kuku hawadhuriki."

Walipomaliza wakachora namba mlangoni kwa rangi nyeusi, wakaenda nyumba ya pili. Mle ndani kuta zilikuwa na unga mweupe mweupe. Mende walikuwa chali sakafuni, miguu inacheza, na kuku wakaingia kuwadonoa kwa furaha. Kesho yake kuku walianza kuzungukazunguka uani kama walevi, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Paka alifuata. Alikufa chini ya kitanda cha bibi, na bibi, ambaye siku zote alikuwa akimfukuza kwa ufagio, alimzika mwenyewe nyuma ya choo, hakutaka nimsaidie.

Ungedhani hasira yangu ni ya kuku. Ngoja.

Maana dawa ile ilifanya kazi. Lazima niseme, kwa sababu ni kweli. Mbu walitoweka. Kunguni nao, waliokuwa wakitutesa kitandani, wakafa. Tukawa tunalala, rafiki yangu, tunalala hasa! Jioni tuliketi barazani bila moshi, mama akinisuka nywele, mdogo wangu akitambaa miguuni petu mnene kama andazi. Hakujua homa ni nini. Watoto wote waliozaliwa miaka ile hawakuijua. Akina mama wakaanza kusema labda tulikosea kuwanunia wale watu, na hata bibi, waliporudi na mabomba yao, alikuwa ameshatoa vyombo nje mwenyewe na kuwawekea maji ya kunywa. Sasa walikuwa wakipiga hodi. Bwana afya alimwamkia shikamoo, na bibi akaitika marahaba.

Kila baada ya muda walikuja pia kutuchukua damu. Tulipangwa foleni chini ya makuti ya chuo cha Kurani, tunatobolewa kidole kwa sindano, tone linapakwa kwenye kipande cha kioo. Ukivumilia unapewa peremende. Mdogo wangu alikuwa akinyoosha kidole kabla hajaambiwa, na akipewa peremende aliitia mdomoni kisha akanyoosha kidole cha mkono wa pili. Mmoja wa wale Wazungu wa garini, mrefu wa miwani, alikuwa akicheka mpaka miwani inamshuka.

Halafu hawakuja.

Msimu wa kupuliza ulifika, bibi akatoa vyombo, gari halikuja. Akavirudisha. Akavitoa tena wiki iliyofuata. Watu wakasema barabara imeharibika, wengine wakasema dawa imechelewa kwenye meli. Ndipo Alhamisi moja baba akaja na habari. Alikuwa ameenda kuuliza mjini, kwenye ofisi yao.

"Wameniambia kazi imekwisha," akasema.

"Imekwisha vipi?" bibi akauliza. "Mbu wamekwisha?"

"Sijui, mama. Karani kasema walichotaka kukijua wamekijua. Wanahamia kwingine."

Mama alikuwa akichambua mchele. Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Nadhani alielewa kabla yetu sote.

Masika yaliyofuata mbu walirudi. Na homa iliyorudi haikuwa ile tuliyoizoea. Watu wazima walianguka wakitetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Mimi nililala siku kadhaa, nikaamka. Watoto waliozaliwa kwenye miaka ya dawa ndio walioumia, kana kwamba miili yao haikujua la kufanya.

Mdogo wangu aliamka asubuhi mzima, akanifuata pwani, akashika gongo dogo ambalo bibi alimchongea. Kabla jua halijakaa sawa akasema kichwa kinamuuma. Nilimbeba hadi nyumbani, na mgongo wangu ulikuwa unaungua. Mama alimkanda, bibi alichemsha mwarobaini, akautapika. Kesho yake akapatwa na degedege. Macho yakageuka, mwili ukakaza, na majirani wakaja, huyu anasema shetani, yule anasema ndege mbaya kapita juu ya nyumba. Mama akawaambia, "Nyamazeni. Nitafutieni baiskeli."

Jirani yetu mvuvi ndiye aliyekuwa nayo. Mama akapanda nyuma, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga, jirani akawa anaisukuma baiskeli kwa mkono kwa sababu tope lilikuwa linameza magurudumu, nami nikafuata na mwavuli wa bibi nikijaribu kumkinga mdogo wangu na mvua. Zahanati ilikuwa mbali. Tulipita mashamba ya mkonge, safu baada ya safu, kimya, maji yanatiririka katikati. Jirani alikuwa anahema, anasema, "Tunafika, shemeji. Tunafika."

Mahali fulani kwenye kona mama akasema, "Simama."

Akasimama. "Umechoka, shemeji? Ushuke upumzike?"

"Geuza baiskeli."

"Lakini bado kidogo tu—"

"Geuza, baba. Turudi."

Jirani akatazama nyuma, akaona. Nami nikaona. Nilikuwa nimeshika mwavuli juu yake muda wote na sikujua ni wapi barabarani alipoondoka. Hata leo nikipita barabara ile kwa gari nachungulia dirishani, natafuta kona yenyewe, siijui.

Watoto wadogo hawachukuliwi kwa jeneza, hubebwa mikononi. Masika yale nilizoea kuona mwanamume akipita njiani na kitu kidogo cheupe mikononi, wenzake nyuma yake, kimya. Hakuna gari lililokuja. Hakuna aliyekuja na vioo vyake kuchukua damu ya siku hizo. Siku ya hitima bibi alichukua kisu cha kuparia samaki, akaenda mlangoni, akaanza kuiparura ile namba. Rangi ilikuwa imeingia kwenye mbao. Aliparura mpaka vidole vikatoka damu, na baba alipotaka kumnyang'anya kisu akamwambia, "Niache. Wametuhesabu vya kutosha."

Nilipokua nikasomea uuguzi. Watu walishangaa, lakini mimi nilitaka kujua. Siku moja mwalimu wetu, mtu mzuri, mpole, alisimama ubaoni akatufundisha habari za malaria. Alieleza kwamba mtoto wa pwani anayeugua mara kwa mara, akipona, mwili wake hujifunza kidogo kidogo kupambana. Ukimwondolea ugonjwa kwa miaka michache, kisha ukamrudishia ghafla, humkuta hana silaha. Akasema jambo hilo lilichunguzwa katika vijiji fulani kwa dawa ya kupuliza. "Kisayansi," akasema, "ni jambo la kuvutia sana."

Nikasimama.

"Mwalimu, waliopuliza walijua itakuwaje wakiacha?"

Akafikiri. Alikuwa mkweli, nampa haki yake. "Kujua hasa, hapana. Walikuwa wanashuku. Ndiyo maana walipima."

"Na waliposhuku, waliwaambia wenyewe?"

"Wenyewe akina nani?"

"Wenye watoto."

Aligeuka ubaoni akaendelea kuandika. Wenzangu nao wakainama wakaandika. Mimi nilitoka nje, nikashika mti wa uani nikalia kwa sauti mpaka mpishi akatoka jikoni kuja kuona nani kafiwa.

Usinielewe vibaya. Nimefanya kazi maisha yangu yote na sindano na vidonge, nimegawa vyandarua, nimewafokea akina mama wanaochelewa kuleta watoto hospitali. Naiamini sayansi kuliko wengi waliosoma kunizidi. Sina ugomvi na dawa. Nina ugomvi na watu waliotuona tukilala, wakacheka na mdogo wangu akiwanyooshea kidole, wakapata walichokitaka, wakafunga masanduku yao. Wangesema tu, tunaondoka, washeni tena moshi wenu, wekeni kwinini ndani. Neno moja! Bibi angewaelewa. Miaka imepita, wao nao bila shaka wameshakufa, na bado sijawasamehe. Watu huniambia ni vizuri kusamehe. Sawa. Waje wao kwanza waniombe.

Yale mashimo ya makumbi hayapo tena. Wavuvi wananunua kamba za plastiki, na magongo yamenyamaza pwani nzima. Nyumba yetu ilianguka zamani. Lakini Ijumaa nikiwa Kigombe hukaa barazani kwa binamu yangu, ng'ambo ya msikiti, nikitazama wanaume wakitoka swala. Wapo wa rika langu, wanaotafuta viatu vyao kwa ncha ya fimbo. Wapo waliozaliwa nyuma yetu sana, wenye mvi chache, wanasukumana mlangoni na kuongea kwa sauti. Hapo katikati ni rika la mdogo wangu. Wanatoka mmoja, halafu mmoja, na kati ya mtu na mwenzake mlango unakaa mtupu.