Kiingereza cha Dada Kabula

Siku ile, mwanangu, naikumbuka mpaka joto lake. Biashara ya pamba ilikuwa imeachiwa huru, ghala la ushirika limefungwa, na wanunuzi binafsi wanagombea pamba yetu hapa Kasoli. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nasoma bweni kule Nyalikungu. Nilikuwa nimerudi likizo na daftari la vitenzi vya Kiingereza, vile vya maneno mawili matatu vinavyokwenda pamoja, ambavyo mwalimu alitaka tuvikariri vyote.

Dada yangu Kabula hakwenda sekondari. Alifaulu, tena kunizidi, lakini baba alisema hawezi kusomesha wawili, na mkubwa ndiye abaki shambani. Hivyo mimi nilisoma kwa mgongo wake. Jioni tulikaa kwenye turubai tukichambua pamba, safi huku, fifi, ile yenye madoa na uchafu, kule, daftari langu liko wazi magotini. Yeye hakuligusa, mikono yake ilikuwa na kazi. Aliniambia tu, "Minza, nipe kingine." Nikisema "give up", kukata tamaa, anakirudia mpaka fungu linakwisha. "Look after", kutunza. "Put up with", kuvumilia. Hicho alikicheka, akasema hicho wangemuuliza yeye. Likizo ilipokaribia kwisha alikuwa navyo vyote kichwani, na mimi bado nachungulia daftari. Nilimwonea wivu, sikufichi.

Basi akaja bwana mmoja wa kampuni, mgeni asiyejua Kiswahili, anatafuta mtu wa kusimamia uchambuzi wa pamba kwenye kituo chao cha kununulia. Akashika pamba yetu, akauliza kwa Kiingereza imekuwaje safi namna hii. Majirani waliomfuata mgeni wakaanza kuulizana amesema nini. Kabula akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama, akasema, "We look after our cotton."

Alisema sawasawa kabisa, ila kwa lafudhi yetu ya Kisukuma, ile nzito. Nami msomi wa bweni nikaangua kicheko. Nikamwigiza mbele za watu. Wakacheka wote, hata wasiojua alichosema. Kabula akakaa chini. Yule bwana alimuuliza tena, kwa upole, lakini dada hakuinua uso. Kazi ile ikaenda kwa mtu wa Bariadi mjini.

Mama hakunipiga. Aliniita jikoni akasema, "Minza, mwenzio alikuwa anaongea na mgeni. Wewe ulikuwa unaongea na nani?"

Waliosema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi walinijua mimi. Kabula hakunikasirikia, na laiti angenikasirikia! Alinipikia, akanisindikiza stendi na sanduku langu kichwani. Ila "nipe kingine" sikuisikia tena.

Akaolewa kijiji cha Sola. Miaka ikaenda, nikawa mwalimu, siku moja nikamtembelea. Binti yake akaja na daftari la shule, akamuuliza mama yake maana ya "look after". Nikamtazama dada. Akainamia mchele aliokuwa anachagua, akasema, "Mimi sijui Kiingereza, mwanangu. Muulize mama mdogo."

Alikuwa anajua. Nilimjibu mtoto, nikajiambia nikija tena nitamwomba dada msamaha. Masika yaleyale homa ikamchukua. Nimemwomba kaburini mara nyingi, mwanangu, lakini kaburi halijui kusema yameisha.

Sasa nisikilize. Anayejaribu lugha ya watu usimcheke, hata akiyumba; yeye amethubutu, wewe umekaa. Ulichofundishwa kwa jasho la mwenzio si chako peke yako. Na ukimkosea mtu, mwendee leo, usingoje safari nyingine, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akulinde, akupe ulimi wa upole. Na siku mtu atakapokaa karibu yako na kukuambia "nipe kingine", akujalie moyo wa kumpa.