Bangili ya Karafuu ya Ncha Tano

Wapo watakaosema nilipigwa na jua. Jua lilikuwa kali kweli siku ile, sikatai, lakini jua halichakazi dhahabu, wala haliungi bangili iliyokatika. Haya ninayokuelezeni yamenifika mimi mwenyewe, hapa hapa Mji Mkongwe, mchana kweupe, na jiko la moto likiwa mbele yangu. Kama huniamini, basi nisome tu hadi mwisho, maana mwishoni pana jambo linaloweza kukuhusu wewe au mwanao.

Mimi ni fundi wa dhahabu, au tuseme bado nnajifunza. Skuli niliiacha mapema nikaingia katika duka la sonara wa Kihindi, Mzee Kanji. Kwanza nilikuwa nikivuta mvukuto na kusugua vitu vilivyopauka, kisha akaniachia kutia nakshi. Mwenyewe huniita Bwana Ndoto. Anasema nikishika tindo tu, tayari nshafika harusini kwa mwenye kuvaa na nimekula biriani. Si uongo.

Kazi ya mwanzo niliyoimaliza peke yangu ilikuwa bangili ya karafuu. Aliiagiza baharia mmoja kwa ajili ya binti yake Rukia, aliyekuwa na miaka mitano, aje kuivaa siku ya harusi yake. Aliitaka nyekundu kidogo, ndipo Mzee Kanji akaizidishia shaba. Nami nikaizungushia karafuu, kila moja na ncha zake nne kichwani kama Mungu alivyoiumba, isipokuwa moja. Hiyo niliitia ncha tano, kwa sababu akili yangu ilikuwa mbali. Baharia alipoiona alicheka, akasema iache hivyo hivyo, mwanangu asije kuibiwa akashindwa kuijua.

Mwaka haukupita yule baharia akaumwa, akafa. Mkewe, Bi Zuhura wa Kisimamajongoo, kule Ng'ambo, aliuza cherehani yake kumuuguza, na hiyo cherehani ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Akabaki na Rukia na kitoto cha kiume cha kunyonya. Watu wakamwambia auze bangili. Akawajibu kwamba ile ni mali ya yatima, na mali ya yatima ni moto tumboni, afadhali walale na njaa. Basi jamaa wa marehemu walioko Ngazija wakaleta habari kuwa watamchukua Rukia wamlee wao. Meli ilikuwa iondoke Ijumaa. Mtaa mzima ulijua, na kila ukipita pale ulimkuta mama anamsuka yule mtoto nywele, anazifumua, anamsuka tena.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, baada ya adhuhuri. Unaujua wakati ule, maduka yanapofungwa na watu wamelala, na vichochoro vimenyamaza hata ukikohoa unajisikia kuwa umefanya utovu wa adabu? Wakati ambao bibi zetu walikuwa wakituzuia kutoka nje. Mzee Kanji alikuwa ghorofani amelala. Mimi nilikuwa chini naangalia moto, mlango nimeurudisha nusu, finjani yangu ya kahawa pembeni.

Akaingia mwanamke, umri wa mama yangu mdogo hivi. Buibui lake lilikuwa jepesi kama moshi, kitambaa ambacho sijapata kukiona katika duka lolote la hapa. Akasimama, akanitazama usoni kwa muda, kisha akaniamkia.

"Shikamoo."

Nikageuka nyuma kuangalia nani amekuja. Hapakuwa na mtu. Mimi, kijana wa miaka ishirini, nimeamkiwa shikamoo na mtu mzima! Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi ulimi uliteleza tu, nikamjibu marahaba, nikampa kiti na ile kahawa yangu.

Alipokaa alimimina sarafu chache juu ya meza. Akasema hizo hazimfai tena, nizitazame nimwambie kwa nini. Nikachukua moja. Ilikuwa senti kama zetu, lakini mwaka uliopigwa juu yake ulikuwa bado haujafika. Nikaisugua kwa kidole nikidhani ni uchafu. Mwaka ukabaki vile vile.

Hapo ndipo aliponieleza. Alisema ametoka miaka ya mbele, wakati ambao wajukuu zetu ni watu wazima. Amekujaje, hakunieleza, nami sikumuuliza, maana hata angenieleza ningeelewa nini? Alichokuwa akikilalamikia ni kimoja tu, mali. Alisema kuja ni kazi, lakini kuja na kitu kitakachokununulia japo andazi ni kazi kubwa zaidi. Noti zao hapa mtu atafungia njugu. Sarafu za zamani alizitafuta kwenye duka la vitu vikuukuu, akazileta kwa furaha, kumbe ni za zamani kwake na za kesho kwetu. Asubuhi ile alikwenda kwa sonara mwingine na mkufu wake mwembamba. Akaulizwa anayoulizwa kila mtu hapa anapouza dhahabu: wewe mtoto wa nani, mtaa gani, nani anakujua?

"Nimjibu nini?" aliniambia. "Wanaonijua hawajazaliwa."

Kisha akatoa kitambaa, akakifungua, na ndani yake mlikuwa na bangili.

Niamini, sikuhitaji kuigeuza mara mbili. Karafuu zilikuwa zimelika, nyingine zimebaki vinundu tu, kama kitu kilichovaliwa na kushikwashikwa kwa umri wa mtu mzima. Mahali pamoja ilikuwa imewahi kukatika ikaungwa, na fundi aliyeiunga aliacha kidonge cha dhahabu kwa ndani, kazi ya haraka, nikamcheka moyoni. Na ile karafuu ya ncha tano ilikuwepo. Ncha ya tano ilikuwa laini kuliko zote, kama kidole kimoja kimekuwa kikiipapasa hapo hapo miaka na miaka. Bangili hiyo mimi niliitoa mkononi mwangu mwaka jana tu, ikiwa na makali bado.

Alisema Bi Zuhura ni bibi yake, na kile kitoto cha kunyonya ndicho baba yake. Huko alikotoka, Rukia alichukuliwa Ijumaa ile, na haikuja habari yake tena, si barua wala salamu. Bi Zuhura aliiweka bangili sandukuni akimngoja mwenyewe. Macho yalipoondoka akawa anaitafuta ncha ya tano kwa kidole, anasema hii ya Rukia, mpelekeeni. Siku ya kufa kwake alimpa huyu mjukuu akamwapisha aifikishe.

"Basi nnampelekea," akasema. "Ni mali yake. Iuze, umnunulie mama yake cherehani, mtoto asiondoke."

Nikamwambia mbona jambo jepesi, twende sasa hivi Kisimamajongoo ukamkabidhi Bi Zuhura. Akatikisa kichwa. Alisema anamjua bibi yake, atazifunga zote mbili sandukuni na mtoto atapanda meli. Na kweli, amana ni amana. Tena ukionekana na bangili ya pili mfano wa ile, katika mji huu ambao kila mwanamke anaijua dhahabu ya mwenzake kuliko anavyomjua mumewe, utaitwa mwizi kabla ya alasiri. Njia ilikuwa moja, kuyeyusha. Dhahabu isiyo na sura haina jina.

Nikaishika bangili, nikasita. Kama mwanamke huyu ni mwizi tu mwenye maneno matamu, basi ninachokitia motoni ni mali ya yatima. Na yeye, badala ya kunituliza, akaniongezea. Akasema bangili hiyo ndiyo iliyomleta, ameishika njia nzima, ikishayeyuka hajui yeye atakuwa wapi. Aliyasema hayo kama mtu anayekwambia leo hatokunywa chai. Moyo wangu haukuweza. Nikamsihi tungoje, tutafute njia nyingine, kesho Mungu akipenda.

"Babu, meli ni keshokutwa."

Nikamkodolea macho. Akacheka, na mara ya kwanza nikaona amefanana na Bi Zuhura, meno ya mbele yale yale.

"Usinitazame hivyo. Kule kwangu wewe ni babu wa mtaa, na kwa hadithi hushindwi."

"Kwani kule tunajuana?" nikamuuliza. Nilichanganyikiwa hata sikujua namuuliza nini.

"Wewe ndiye unayenijua. Siku zote unajifanya hunijui. Yeyusha."

Nikaibusu ile bangili, sijui kwa nini, nikaitia katika chungu cha kuyeyushia na kuvuta mvukuto. Sikumtazama tena, macho yangu yote yalikuwa motoni. Karafuu zilianguka moja moja. Ile ya ncha tano ilikuwa ya mwisho, ikasimama kidogo, kisha ikazama. Nilipoinua uso kumwambia tayari, kiti kilikuwa kitupu. Sarafu hazipo. Finjani iko pale pale, na ukingoni mwake pana unyevu wa midomo. Nilitoka mbio kichochoroni. Kulia hakuna mtu, kushoto hakuna mtu, paka amelala barazani hata sikio hakulitikisa. Je, paka hamsikii mtu akipita?

Nilikuwa bado nimesimama pale Mzee Kanji aliposhuka. Akaliona donge la dhahabu. Nikamwambia ni mali ya Rukia, ameileta ndugu yake, tunaomba ainunue ili ipatikane cherehani. Akalisugua donge kwenye lile jiwe lake jeusi la kupimia, akautazama ule mstari mwekundu. Uso wake ukabadilika.

"Dhahabu hii nimeichanganya mimi," akasema taratibu. "Kwa bangili moja tu. Iko wapi bangili ya yatima?"

"Iko sandukuni kwao."

"Umeiona?"

Nikamwambia sijaiona.

Akalitia jiwe mfukoni, akanishika mkono, si kwa upole, tukaenda Ng'ambo kwa miguu juani. Mimi nilikuwa nikiomba kimoyomoyo, si kwa ajili yangu, walahi, ila kwa ajili ya yule mtoto. Maana kama sanduku lile ni tupu, basi mimi ndiye niliyemmalizia kila kitu alichoachiwa na baba yake.

Bi Zuhura tulimkuta na kichwa cha Rukia mapajani, anamsuka. Mzee Kanji akamwambia tumekuja kuitazama bangili, kama inahitaji kusafishwa. Akainuka, akafungua sanduku. Alitoa kanga, akatoa kanga nyingine, akatoa shati la marehemu. Mimi nilishika mwimo wa mlango.

Bangili ilikuwemo ndani ya shati.

Mpya, karafuu zina makali, ncha ya tano inachoma kidole. Mzee Kanji akaisugua kwenye jiwe pembeni ya ule mstari wa kwanza. Ukiniuliza mstari upi ni upi, singeweza kukwambia. Alikaa kitako juu ya mkeka, yule mzee ambaye hakai mahali kabla ya kukaribishwa, akaomba maji. Alipokwisha kunywa alinitazama, akaniambia niende Darajani nikachague cherehani nzuri, mafuta yake atatoa yeye. Hadi leo hajaniuliza neno.

Bi Zuhura ndiye aliyeuliza, nilipomletea cherehani. Nani ametoa? Nikamwambia ni ndugu yake Rukia, hakutaka kutajwa.

"Ndugu wa upande gani?"

"Wako," nikamjibu. Akaniangalia sana, kisha akaanza kulia bila ya sauti.

Ijumaa jamaa walikuja na kisanduku cha nguo za mtoto tayari. Nilikuwepo, nimejitia napita njia. Bi Zuhura alikuwa anashona kanzu ya mtu, Rukia kakaa chini anatunga uzi kwenye sindano, ulimi nje. Mama hakusimamisha hata gurudumu.

"Mwanangu haendi," akasema. "Nani atanitungia uzi?"

Meli ikaondoka, na Rukia yuko hapa hapa. Ana pengo sasa, na ananiita Bwana Ndoto, kajifunza kwa Mzee Kanji.

Yamekwisha? Hayajesha. Mwaka huu, siku ya pili ya Idi, Rukia aliichukua bangili akacheza harusi na wenzake, akaikalia, ikakatika. Bi Zuhura akaniletea analia, mimi nikaiunga haraka haraka ili mtoto asipigwe. Nilipoigeuza kutazama kwa ndani, niliiweka mezani. Kilikuwepo kile kidonge cha dhahabu, mahali pale pale, umbo lile lile. Fundi mbovu niliyemcheka siku ile alikuwa mimi.

Sasa sikilizeni. Mimi sina elimu ya kulifumbua jambo hili. Rukia hakuondoka, basi yule mjukuu atakuja kwa ajili ya nini? Sijui. Lakini najua kuwa akihitaji kuja, bangili ile ndiyo mali pekee itakayomfaa huku. Kwa hiyo kila Idi nakwenda kuitazama, na nitakwenda hadi miguu inishinde. Na wewe unayesoma, leo au miaka hamsini ijayo, kama nyumbani kwenu imo bangili nyekundu ya karafuu, moja ina ncha tano, nakusihi usiiuze hata njaa ikikubana, usiipeleke kusafishwa, na kidonge kile usikiondoe. Si yako. Inangojewa na Rukia wa siku ile, mtoto wa miaka mitano.

Na ukitokewa na mtu mzima mchana wa jua kali akakuamkia shikamoo, nawe ni kijana, usimcheke. Muitikie marahaba. Mpe kiti, mpe na kahawa, halafu muulize mali aliyoibeba anampelekea nani.