Ndala Mlangoni mwa Wodi
Mume wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani ni mchimbaji wa Masumbwe, na kila anachopewa akitazame hukilowesha kwanza. Hulamba kidole gumba kilichopasukapasuka, akasugua, ndipo akatazama, kama afanyavyo na mawe machimboni. Jana alisugua hata picha ya eksirei ya mkewe. Nesi Rhoda alimweleza taratibu kwamba seli za saratani ya titi, zilizokuwa zimeshikana, zimeachiana, zikageuka umbo, zikatembea hadi mfupani. “Hata mtoto tumboni hujengeka hivyo, baba. Seli hubadilika, zikahama.”

Alikunja uso. “Dhahabu nayo huhama,” akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, “lakini ni mpaka mtu aikosee. Ukishuka duarani, mle shimoni, na viatu, inakimbia. Sasa hii, nani kaikosea?”

“Hakuna aliyekosea, baba.”

“Basi imehamaje?”

Rhoda aliirudisha picha kwenye bahasha yake. Leo asubuhi amekuta ndala mlangoni mwa wodi, zimepangwa vizuri. Mzee yumo ndani, pekupeku, anamnyatia mkewe kitandani, isije ikashtuka ikahama tena.