Uji Usioonjwa

Juzi nilikuwa Issenye kwenye kipaimara. Mama mwenye nyumba akanipa uji wa ulezi, akapita zake kuwahudumia wengine. Nikabaki nimeshika kikombe tu, namfuata kwa macho. Ndugu yangu, unajua nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa nangoja arudi aonje.

Kama umekulia kwetu Ringwani, hapo huhitaji maelezo. Anayekupa kinywaji anapiga fundo la kwanza mwenyewe, mbele ya macho yako, anameza, ndipo anakupa. Wageni wanadhani ni heshima. Heshima gani! Ni kuondoa wasiwasi wa sumu. Bibi aliyenilea alikuwa mkali kwa hilo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. "Asipoonja, mwambie umeshiba," aliniambia, hata kama anayetoa ni shangazi yangu.

Kiangazi kile cha korona nilikuwa darasa la sita. Shule zilifungwa, nikafurahi kijinga, maana nilijua nitashinda nyumbani na ugali wa muhogo na maziwa mgando. Asubuhi nilifagia uwanja, nikachota maji, halafu nikaenda shambani kufukuza ndege kwenye ulezi, napiga debe mpaka masikio yanavuma. Vumbi lilikuwa jingi. Kila mtu alikohoa, na kila aliyekohoa alitazamwa.

Nesi wa zahanati, dada mmoja kutoka Tanga mwenye Kiswahili kitamu, akapita nyumba kwa nyumba. "Shikamoo bibi yangu. Nakuomba sana, kila mtu na kikombe chake, na haya mambo ya kuonjeana tuyaache kwa sasa." Bibi akaitikia marahaba, akamsindikiza mpaka njiani, akarudi amekunja uso. "Huyu anataka tunywe bila kuonja. Kwa nini? Nani kamtuma?" Usicheke. Kijiji kizima kiliuliza hivyo hivyo.

Sasa, bibi alikuwa na kikohozi chake cha siku nyingi, cha moshi wa kuni. Miaka yote hakuna aliyekijali, kiangazi kile kikawa kesi. Aliyekisema zaidi ni mama jirani, mjane mwenzake, ambaye ndama wake aliwahi kufa baada ya kunywa maji kwetu. Tangu hapo wawili hawa walisalimiana vizuri sana, huku kila mmoja akiangalia mikono ya mwenzake.

Basi ulezi ukaiva, na zamu ya risaga ikawa yetu. Risaga ni wanawake wa mtaa kuvuna pamoja shamba la mmoja wao, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anawapikia uji. Bila wao ndege na ng'ombe wangemaliza chakula chetu cha mwaka mzima. Na wakivuna halafu wakaugomea uji, hapo ni balaa zaidi. Ni kukuita mchawi mbele za watu, na hutaalikwa tena popote. Bibi aliogopa, nilimwona. Akionja, watasema anawapa korona. Asipoonja, watasema anawapa sumu.

Wakaja wamejifunga khanga puani, kila mmoja na upande wake wa shamba. Jua lilipopanda wakaweka visu chini, wakakaa mbalimbali uwanjani. Macho yote jikoni.

Bibi akatoka na ungo wa unga, mwiko juu yake. Akauweka katikati ya uwanja, akarudi nyuma mpaka kwenye zizi, akakaa juu ya jiwe. "Wewe pika," akamwambia mama jirani. "Unga huo, kuni zile pale, maji kachote mwenyewe."

Mama wee! Kwetu mwanamke hampi mwenzake mwiko wa jikoni kwake akiwa na nguvu zake. Niliona aibu mpaka nikainamisha kichwa. Mama jirani naye alipigwa na butwaa. Akanusa unga, akaulamba, akaisugua sufuria tena na tena, akapika. Akajimiminia kwenye kikombe chake, akanywa. Wenzake walipoona, wakatoa vikombe vyao vikapuni.

Kisha akamjazia bibi kikombe, akakiweka nusu ya njia, akarudi nyuma. Bibi akakisogelea, akakitazama. Hakukigusa.

"Kunywa basi," mama jirani akasema.

"Sijakuona ukionja hicho."

"Si nimekunywa wa sufuria hiyo hiyo?"

"Sufuria si kikombe."

Wanawake wakaangua kicheko, lakini mama jirani hakucheka. Akaja, akamimina kidogo kutoka kikombe cha bibi kwenye chake, akanywa, akaachama kuonyesha amemeza. Ndipo bibi akanywa wote. Jioni ulezi wetu ulikuwa umejaa uwanjani.

Haikuchukua muda, mama jirani akashikwa na homa, kifua kikambana. Hakuna aliyethubutu kusogea kwake isipokuwa nesi, na bibi. Kila asubuhi bibi alipika uji, akajifunga khanga puani, akaenda nao mpaka kizingitini, nami nyuma yake kwa mbali. Pale alimimina kidogo kwenye kikombe kingine, akaonja kwa fundo kubwa la kuonekana. Mama jirani aliinua kichwa kitandani, akamkagua mpaka ameze, ndipo nesi akampelekea. Tukirudi, bibi alikuwa akitabasamu. "Bado ananishuku yule. Atapona."

Siku moja nesi aliwahi kuchukua kikombe kabla bibi hajaonja. Mama jirani akanywa tu, macho amefumba.

"Ngoja, sijaonja!" bibi akapaza sauti. "We mama, niangalie! Niangalie kwanza!"

Hakumwangalia. Bibi alilia njia nzima kurudi nyumbani, akilia kwa sauti bila kujali nani anasikia. Tulimzika mama jirani watu wachache, tukiwa tumesimama mbalimbali.

Risaga sasa imekufa kwetu, watu wanaweka vibarua. Vijana wanasema afadhali, tumeelimika, hatudhaniani tena sumu. Labda. Mimi sijaona tena watu wawili wakitazamana kwa makini namna ile, nami naukumbuka mtazamo ule kwa uchungu.

Bibi aliendelea kuishi, lakini habari ya kuonja hakuiuliza tena. Nilimpelekea uji siku moja, nikakusudia kutoonja ili anigombeze. Akaupokea kwa mikono miwili, akanywa.